Mikia ya Kondoo wa Fundi Pandu

Leokadia alijua tangu siku ya kwanza kwamba wale si kondoo. Alipofungua gazeti walimofungiwa na kuwapanga juu ya meza fupi ya watoto, aliona mikia kumi imesimama kama vidole vinavyoonyesha dari. Kondoo mkia wake huning'inia. Anayesimamisha mkia ni mbuzi, na mbuzi Leokadia aliwajua vizuri, maana kwao, mtaa wa Mpendae, ndio waliomaliza mchicha wa shangazi yake.

Lakini amrudie Fundi Pandu, mzee wa watu aliyewachonga bure kwa vipande vya mfenesi vilivyobaki kwenye milango aliyoichonga, amwambie, "Fundi, umekosea"? Afadhali apite sokoni Darajani bila kanga. Leokadia alizaliwa na haya. Shuleni aliishia darasa la tano, na katika miaka yote mitano hakunyosha kidole hata mara moja. Shangazi yake alizoea kusema, "Mtoto huyu ukimwita, 'labeka' yake anaitikia tumboni."

Ndiyo maana watu walishangaa Sista Klara alipomchagua yeye amsaidie na watoto wadogo. Kila Jumamosi asubuhi, katika chumba kilichokuwa stoo nyuma ya kanisa, Sista aliwafundisha watoto wa miaka minne mpaka sita kukaa na Mungu. Hakuwakaririsha kitu. Walivua ndara mlangoni, wakaingia kwa kunyata, wakakaa mkekani kuzunguka kandili, kwa kuwa mwaka ule wa sabini na moja mishumaa ilikuwa haionekani madukani. Kwanza walisikiliza kimya mpaka wakasikia pumzi zao wenyewe. Kisha Sista alisema maneno machache ya Injili, akasogeza sanamu ndogo za mti taratibu, akawaachia watoto wazisogeze nao.

"Mungu hapigi kelele," Sista alimwambia Leokadia. "Na wewe hupigi. Mtafaana."

Sasa Sista amehamishiwa bara, chumba kimebaki mikononi mwa Leokadia, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwalimu Kaspari, aliyewafundisha katekisimu watoto wakubwa, alimwendea Padri Aloisi Jumatatu moja.

"Dini haifundishwi kwa kunong'ona, Padri. Nipe na wale wadogo. Kufika Pasaka watakuwa na maswali hamsini kichwani na majibu yake."

Padri akasema atakwenda Jumamosi akajionee, ndipo aamue.

Wiki nzima Leokadia aliwaza jambo hilo moja. Akinyang'anywa wale watoto, atakuwa amepoteza mahali pekee duniani ambapo ukimya wake haukuwa aibu. Alifikiria kuwaficha wale kondoo. Lakini somo la Mchungaji Mwema bila kondoo ni somo gani?

Jumamosi ikafika. Padri aliinama kupita mlangoni, Mwalimu Kaspari nyuma yake.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina," watoto walinong'ona.

"Unaona, Padri?" alisema Kaspari. "Hata Bwana wanamsifu kwa siri."

Leokadia alipiga magoti mbele ya meza. Akasimulia, kwa sauti ndogo, kwamba Mchungaji Mwema anawajua kondoo wake, na kila mmoja anamwita kwa jina lake. Akamsogeza Mchungaji. Nyuma yake akamsogeza kondoo mmoja, kisha wa pili, mpaka mlango wa zizi. Watoto walifuata kwa macho, hakuna aliyejikuna.

Kaspari akainama.

"Ngoja, ngoja. Hawa si mbuzi hawa? Padri, tazama mikia! Na mbuzi siku ya mwisho wanawekwa mkono wa kushoto! Wewe binti, watoto wa watu unawapeleka zizini au motoni?"

Uso wa Leokadia ukawaka moto.

"Ni mbuzi," alisema Teodosia, kitoto cha miaka sita kisicho na meno mawili ya mbele. "Tunajua."

"Mnajua?" aliuliza Padri.

"Tangu zamani. Lakini Dada Leokadia anasema kondoo, na yeye ana haya. Basi tukamsitiri."

"Mkamsitiri!" Padri alikohoa kikohozi kirefu, kiganja kikiziba mdomo.

"Na mbuzi wetu wana majina," aliongeza Fulgensi, jirani yake mkekani. "Mmoja anaitwa Bi Harusi. Ukimwita anakuja."

Padri akachuchumaa, kanzu yake ikatandaa sakafuni. "Teodosia, huyu Mchungaji anamwita nani?"

Mtoto hakujibu. Alimtazama Mchungaji, akatazama kandili.

"Umeona? Hawajui hata—" alianza Kaspari, lakini Padri aliinua mkono.

Leokadia aliujua ukimya ule. Haukuwa wa mtu asiye na kitu. Akautegea kama anavyotega mtu ndoo chini ya bomba linalotoa maji kidogo. Nje mkokoteni ulipita ukigongagonga mawe, ukaishilia kichochoroni.

"Ananiita mimi," alisema Teodosia.

"Anakuitaje?"

"Teodosia. Hivyo hivyo. Polepole."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Labeka."

"Mimi namjibu naam!" alisema Fulgensi.

Padri hakuinuka upesi. Alipoinuka aliifuta kanzu vumbi kwa muda kuliko ilivyohitaji.

"Mwalimu Kaspari, maswali yako hamsini yatangoja. Wakitimiza miaka saba utawapata, masikio yao yameshazibuka. Mpaka hapo watabaki na Leokadia." Akamgeukia. "Ila kondoo wawe kondoo, binti yangu. Na kwa Fundi ukaseme mwenyewe."

"Ndiyo, Padri," alisema Leokadia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alivuta pumzi ikafika mwisho. Kaspari alitoka akinung'unika, lakini alitoka kwa kunyata, labda bila kujijua.

Watoto walipochukuliwa, Leokadia aliwatia wale wanyama kikapuni, akaenda moja kwa moja kwa Fundi Pandu kabla haya hazijamrudia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Fundi, wale... wale ni mbuzi."

Mzee aliweka patasi chini. "Alhamdulillahi! Nlidhani hutasema mpaka nafa."

"Kumbe unajua?"

"Nlijua nlipomaliza wa kumi. Miaka arubaini nnachonga maua ya milango, mnyama sijapata kumchonga. Nikasema, mwenyewe akiona atarudi. Nawe kila ukipita hapa shikamoo, kichwa chini, huyoo! Basi na mimi nikaona haya kuuliza."

Leokadia alicheka mpaka ikambidi ashike nguzo ya mlango.

"Walete," alisema Fundi. "Ntaikata niwapachike mikia ya adabu. Mitume wote wamechunga kondoo, mimi nani niwaharibie?"

"Tisa tu, Fundi. Huyu mmoja, Bi Harusi, mwache alivyo. Watoto watamtafuta."

Akawatoa mmoja mmoja, akaaga, akashika njia na kikapu chake kitupu kikipepea mkononi. Alikuwa keshafika kwenye baraza la wanywa kahawa aliposikia nyuma yake:

"We Leokadia!"

"Labeka!" aliitikia, na vikombe vitatu vya kahawa vikasimama njiani kwenda midomoni.

"Mbuzi wako umemsahau!"

Akarudi mbio kumchukua.