Honi ya Baba

Kaka yangu alishautia mfukoni ufunguo wa gari la baba kabla hata sijashusha boksi langu la vifaa.

"Mzee haendeshi tena," akatangaza. "Jana nusura amgonge mama wa watu pale kona. Hakupiga honi. Uzee umemwingia kichwani."

"Nilibonyeza," baba akasema. Jana kwenye simu aliniapia kwa sauti kubwa. Leo alilisema neno hilo polepole, akikitazama kiganja chake. Hilo ndilo lililonichoma.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Simlaumu mtu kabla sijapima waya. Nikadai ufunguo, kaka akanipa shingo upande.

Fyuzi nzima. Nikabonyeza honi: rilei, kile kiswichi cha kupeleka umeme kwenye honi, ikalia ta! kwenye kiboksi chake, honi yenyewe kimya. Basi kitufe hakina kosa. Nikaiunga honi moja kwa moja na betri, ikapiga ukelele mpaka kaka akaruka. Nayo nzima. Ubovu ulikuwa njiani, kati ya rilei na honi. Nikaufuata waya kwa vidole hadi nyuma ya bampa.

Ulikuwa umekatwa. Si panya, si kutu. Umekatwa kwa plaizi, ncha zote mbili zikazungushiwa tepu nyeusi, tena kwa utulivu kabisa.

Nikageuka. Kaka alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kila jioni pii, pii, getini," akasema. "Kila siku mimi ndiye wa kuinuka kumfungulia. Nilichoka, dada. Juzi usiku nikaukata. Sikujua kama..."

"Jana ulijua!" Damu ilinichemka, majirani wasikie wakitaka. "Jana ananiapia kwenye simu mbele yako, wewe unajua, na bado unamwita mzee aliyepotewa na akili! Huna hata haya!"

Nusura nimrushie spana. Nikauunga waya.

Baba hakumtazama kaka. Alinitazama mimi.

"Kwa hiyo nilibonyeza?"

"Ulibonyeza, baba."

Akachukua ufunguo, akatoka na gari. Nikalifunga geti nyuma yake, nikaketi kwenye ngazi. Baba aligeuza huko mbele, akarudi, akasimama nje ya geti na kuikandamiza honi. Hakuiachia.

Kaka akanitazama. Mimi sikuinuka.