Ua Lililojaa Ndani

Pua ya Fundi Saa ilikuwa imekufa siku nyingi. Miaka thelathini ya kuosha vyuma vidogo vidogo kwa benzini iliimaliza kabisa, na hakuona hasara yoyote mpaka alipoanza kupanda kamomili. Hakuipanda kwa kupenda ukulima. Mwalimu wa hesabu wa ghorofa ya pili, mjane kama yeye, alimwambia kwenye ngazi kwamba tangu astaafu usingizi umemhama, na amesikia kuna maua ya kuchemsha. Hayo tu. Mwenzetu akashuka zile ngazi ameshakuwa mkulima.

Karatasi iliyokuja na mbegu aliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Mbegu laini kama vumbi, haifukiwi. Inatawanywa juu ya udongo, inakandamizwa kwa kiganja na kuachiwa mwanga. Alipanda makopo sita kwenye dirisha la duka, akawa anayanyunyizia maji kwa chupa aliyoitoboa kizibo. Baada ya miezi miwili yakachanua matano: meupe pembeni, manjano katikati, majani membamba kama nyuzi. Kopo la sita lilichelewa. Akayakausha maua juu ya gazeti, akayatia kwenye mkebe, akampelekea Mwalimu, na hapohapo mlangoni, kabla hajaishiwa ujasiri, akamwambia anataka kumuoa.

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. "Shangazi anakuja Jumapili," akasema. "Yeye ndiye aliyenilea. Akikukubali, nami nimekubali. Nitampikia maua yako."

Jumapili Fundi alitakiwa awe juu saa tisa. Saa tisa kasoro dakika tano, kiatu kimoja mguuni na cha pili kinapakwa rangi, akafanya kitu ambacho mafundi saa hawawezi kujizuia kukifanya: alichuma ua ili alifungue aone ndani. Karatasi ilisema kwamba kamomili ya kweli, ukiipasua kile kitovu cha manjano, utakuta uwazi. Kikiwa kimejaa, huyo ni ndugu yake wa porini, anafanana naye kwa kila kitu ila ananuka vibaya.

Akaweka lenzi jichoni, akapasua kwa wembe. Kimejaa tele.

Angeweza kunyamaza. Shangazi angekunja uso kidogo, wangelaumu birika, na mambo yangepita. Wazo hilo lilimjia, tusimsingizie utakatifu. Lakini alipokuwa bado analipima, miguu ilikwisha kufika ngazi ya kumi, mmoja na kiatu, mwingine na soksi.

Mlango ulikuwa wazi. Shangazi, bibi mwembamba aliyenyooka kama rula, alikuwa ameshainua kikombe.

"Mama, usinywe. Shikamoo. Usinywe."

"Marahaba," shangazi akasema, kikombe kikiwa hewani. "Nisinywe kwa nini?"

"Siyo kamomili. Nimekosea, ni magugu. Nimemletea Mwalimu magugu, na nilitaka sana..." Akashika mlango. "Nilitaka unione mtu wa maana."

Shangazi akamtazama kuanzia lenzi iliyobaki jichoni mpaka soksi. Kisha akanusa kikombe. "Magugu gani haya yanayonukia tufaha?"

Mwalimu alikuwa ameshachukua mkebe na kisu. Akapasua ua la kwanza: uwazi. La pili: uwazi. Akaendelea mpaka la saba, kama anayesahihisha madaftari.

"Ulilopasua wewe umelichuma wapi?"

"Kopo la sita. Limechanua jana."

"Na udongo wake?"

"Uliniishia, nikachota kando ya mtaro," Fundi akasema, na hapo akayasikia maneno yake mwenyewe.

Kicheko kilichowashika hakikuwa cha watu wazima. Mwalimu alilalia meza, Fundi akaangusha lenzi, wote wawili machozi. Shangazi peke yake alikunywa chai yake taratibu mpaka wakatulia.

"Marehemu mume wangu," akasema, "alikosea miaka arobaini, hakusema hata siku moja. Huyu kakosea kopo moja, kaja mbio na soksi." Akamgeukia Mwalimu. "Wewe ukimkataa, namchukua mimi."

Mwalimu akafuta macho, akamvuta Fundi mkono, akamkalisha kando yake.

"Shangazi," akasema, "tafuta wako."