Miti Niliyoigusa

Siku Bura alipoondoka ilikuwa Jumanne, Agosti 2003, na uji wake ulipoa mezani. Alitoka asubuhi na msumeno kwenda kupunguza machipukizi ya safu ya pili. Hakuwa mtu wa kuitwa kula; saa nne aliijua kwa jua. Saa nne ilipopita nikafunika uji kwa sahani. Saa sita ilipopita nikapanda kilimani. Nilimkuta ameketi, mgongo kwenye kisiki, msumeno mapajani, kofia usoni kama mtu anayekwepa inzi. Nikamwambia uji umepoa. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mume wangu, na hakuyasikia.

Naandika kwa sababu watu wa Bashay wameanza kuyasimulia haya kwa namna nyingine, na katika masimulizi yao mimi ni mchawi na shemeji yangu Hermani ni mtu aliyeonewa.

Bura alikuwa na safu nane za mikaratusi juu ya kilima, kila safu miti kumi na miwili. Kila mwaka alikata safu moja tu, mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Alikata chini kabisa, kiganja kimoja kutoka ardhini, mkato wa mshazari ili maji yasituame juu ya kisiki yakakiozesha. Kisiki kilichipua machipukizi kumi, hata kumi na tano. Aliyaacha mwaka mmoja, kisha akayapunguza yakabaki mawili, yale ya upande unakotoka upepo, kwa sababu hayo upepo huyasukumiza kwenye kisiki badala ya kuyabandua. Zamu ya safu ya nane ilipofika, ya kwanza ilikuwa imekomaa tena. Kilima hakikukaa uchi hata mwaka mmoja. Majani yaliyoanguka chini hakuruhusu yafagiliwe, hata na mimi.

Watu husema mkaratusi unakunywa maji. Bura hakubisha. Baba yake alipanda mikaratusi thelathini kuizunguka chemchemi, enzi za kampeni za kupanda miti, na kila Septemba chemchemi ilikuwa ikibaki tope. Mwaka 1996 Bura aliing'oa yote, visiki na mizizi, akapanda mikuyu. Kaka yake Hermani alisimama pembeni akicheka.

"Unang'oa mali ya baba kwa ajili ya vyura," alimwambia.

"Vyura wakihama, ng'ombe wako nao watahama," Bura akajibu, na akaendelea kuchimba.

Baada ya miaka mitatu ng'ombe wa Hermani walikunywa pale Septemba nzima. Hakuwahi kusema asante.

Sisi Wairaqw tuna metimani. Mtu aliyeguswa na kifo kibaya anatengwa: haendi kwa watu, watu hawaji kwake, hachoti maji pamoja na wengine, na kitu alichokigusa hakiguswi na mtu mwingine. Akikigusa, naye anaingia metimani pamoja na mifugo yake. Kutoka humo si mpaka ukoo wa mume ukae kikao na kumtoa. Siku hizi wengi wameacha, au wanasema wameacha. Hermani alikuwa mwenyekiti wa kigango chetu, na sijui ni mara ngapi nilimsikia akisimama mbele ya altare na kusema metimani ni giza.

Siku ya tatu baada ya mazishi alikuja na wazee wawili wa ukoo. Hawakuingia ndani.

"Shemeji, Bura amefia nje, bila paa juu yake," alisema. "Hiyo si ya kupuuza. Mimi mwenyewe sipendi, lakini watu watasemaje?"

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka vuli ipite na masika yapite. Halafu tutakaa."

Akakata matawi ya miiba kwa panga lake mwenyewe, akayalaza kwenye njia ya kuja kwangu. Ukweli ni kwamba mwanzoni nilishukuru. Sikutaka kuona mtu. Sikutaka kuulizwa nimelalaje. Nilichota maji peke yangu chini ya chemchemi, pale yanapopita baada ya ng'ombe kunywa, na jirani yangu Scolastica aliniachia unga juu ya jiwe nje ya miiba, akakohoa ili nijue, akaondoka. Mbuzi mmoja wa Patriki, fundi wa kupasua mbao, aliruka miiba akaingia uani kwangu. Patriki alipokwenda kumuuliza Hermani afanye nini, aliambiwa amsahau mbuzi. Basi nikawa na mbuzi. Eva, binti yetu aliyeolewa Mogitu, alijifungua mwezi wa tisa. Wakwe zake ni watu wa kushika mila kuliko sisi. Habari za mtoto nilizipata kwa Scolastica, naye alizisema kwa sauti kubwa kutoka nyuma ya miiba, kama mtu anayetangaza mnada.

Mwezi wa kumi, siku ya Jumatatu, nilisikia chenso, msumeno wa injini, kilimani.

Mwanzoni nilijiambia ni zamu ya safu ya tatu. Huenda Hermani anamsaidia marehemu ndugu yake. Nikahesabu miti ikianguka. Mkaratusi ukianguka unapiga ukelele kwanza, halafu kimya, halafu kishindo. Nilipofika kumi na miwili nikangoja chenso inyamaze. Haikunyamaza. Siku ya pili walimaliza safu ya nne. Siku ya tatu niliona moshi.

"Scolastica," niliita alipoleta unga. "Wanachoma nini?"

"Safu ya kwanza na ya pili. Hermani amesema zile nyembamba hazina soko. Wamezifyeka, wamelundika matawi juu ya visiki, wametia moto ili visichipue. Anataka kilima kiwe shamba la vitunguu saumu."

"Na nyingine?"

"Mirunda, nguzo za kujengea. Babati wanajenga ofisi za mkoa kila kona. Lori limetoka huko." Kisha akasema, kwa sauti ya chini hata nikalazimika kusogea, "Mama Eva, hukuwekwa humu kwa ajili ya kifo cha Bura. Hata mtoto mdogo anaona."

Mkoa wa Manyara ulikuwa na mwaka mmoja tu. Biashara ilikuwa huria, redio ilisema hivyo kila siku, na mwenye lori alinunua popote palipo na muuzaji bila kuuliza mti ni wa nani. Hayo yote nilikuwa nayajua. Nisichokuwa nimekijua ni kwamba kisiki cha safu ya pili ambacho Bura aliegemea alipokufa kilikuwa kinawaka moto, na mimi niko uani nakamua mbuzi wa mtu.

Alhamisi asubuhi niliondoa miiba njiani kwa mikono yangu. Nikachukua msumeno wa Bura nikapanda.

Walikuwa wanne na dereva. Safu ya tano ilikuwa imelala chini. Sikuwa tayari kwa visiki. Walikata usawa wa goti, ovyo, magome yamechanika mpaka chini kama ngozi ya ng'ombe aliyechunwa na mlevi. Safu tatu za juu zilikuwa bado zimesimama.

"Mama Eva, shikamoo," Patriki alisema, akirudi nyuma hatua moja kwa kila neno.

"Marahaba. Unaogopa nini, Patriki? Chenso unayo wewe."

Hermani alitoka nyuma ya lori. "Shemeji, unafanya nini huku? Muda wako haujaisha."

"Najua. Wewe ndiye unayeuhesabu."

Nikaenda kwenye mti wa kwanza wa safu ya sita nikaweka kiganja juu yake. Nikakiacha pale mpaka wote wakaona. Kisha mti wa pili. Nilipofika mti wa tano Patriki akazima chenso.

"Washa," Hermani alisema.

"Mzee Hermani, mke wangu ana mimba ya miezi saba. Mti huo siushiki."

"Mambo ya kizamani hayo. Sisi ni Wakristo."

"Haya. Na mbuzi wangu je?"

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wangu aliyeingia kwake. Ulisema nikimshika nimejiingiza metimani. Kumbe tulikuwa Wakristo tangu wakati ule? Si ungeniambia?"

"Amezaa," nikasema, bila kuondoa mkono kwenye mti. "Wawili. Jike na dume."

Mmoja wa wapasuaji alicheka kwa pua. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba mikono yangu ilikuwa baridi, na magome ya mti niliyasikia yana joto kuliko mimi.

Dereva alikuwa Mnyaturu kutoka Singida. "Mimi haya si ya kwetu," alisema, "lakini mirunda siwezi kupakia peke yangu. Wanapakia au hawapakii?"

"Ile iliyolala tunapakia," Patriki akasema. "Hiyo hakuigusa. Hii, hapana."

Hermani alimpokonya chenso. Akaja mpaka kwenye mti nilipokuwa nimesimama, karibu kiasi cha kunusa jasho lake. Nikasogea ili apate nafasi.

"Kata," nikamwambia. "Uliwaambia watu mimi ni najisi. Kata sasa uwaonyeshe ulikuwa unasema uongo."

Patriki alisema taratibu kutoka nyuma, kwa heshima kabisa, "Mzee, ukiukata, ng'ombe wako wasije chemchemini. Utawapeleka Yaeda Chini wakanywe huko."

Hermani alisimama. Nilimwona akifikiria. Sijui hadi leo kama aliiogopa metimani yenyewe au aliogopa watu, na sijali. Aliweka chenso chini, juu ya majani ambayo Bura hakuruhusu yafagiliwe.

"Bura alikuoa kutoka nyumba mbaya," alisema.

"Bura alikuwa na kaka mbaya kabla hajanioa."

Nikamaliza miti thelathini na sita. Kisha nikagusa visiki vyote vya safu ya tatu, ya nne na ya tano, kimoja kimoja, nikipiga magoti, ili mtu asivitie moto. Walipakia walichokuwa wamekata wakaondoka. Patriki alipita mbali nami, akasema bila kuniangalia, "Mbuzi baki naye, mama."

Nilikaa kilimani siku tisa nikivikata upya visiki, chini, kwa mshazari, kama nilivyomwona Bura akifanya miaka yote bila mimi kufikiri kwamba nilikuwa najifunza. Mvua ilikuja mwezi wa kumi na moja. Safu tatu zilichipua. Visiki vya safu ya kwanza na ya pili vilikuwa makaa, na pale chini kilima kilikuwa uchi. Februari maji yalishuka kwa nguvu, yakachimba korongo lililopita pembeni kabisa mwa shamba la Hermani na kulichukua shamba la Scolastica, nusu ya mahindi yake pamoja na udongo. Scolastica, aliyeniletea unga. Hilo halinitoki moyoni, na wanaosema Mungu analipa hapa hapa duniani waje walitazame korongo hilo wanioneshe malipo yako wapi.

Masika yalipita. Hermani hakuitisha kikao. Yalipita masika mengine. Nikitolewa metimani, miti inatolewa pamoja nami, na mtu yeyote mwenye shoka anaweza kupanda. Lakini si hilo linalomzuia kuitisha. Anataka nimwombe mbele ya watu. Sijamwomba. Kanisani nakaa benchi la mwisho peke yangu, na yeye ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka, na kikapu hakifiki kwangu. Mjukuu wangu ana miaka mitatu. Eva humleta mpaka barabarani, na mtoto hunipungia mkono.

Mwaka huu, 2006, ni zamu ya safu ya sita. Nimekata miti kumi na miwili. Nabeba mwenyewe, vipande vinne kwa siku.