Ufunguo wa Dharura

Mkono wa kulia wa Bibi Sawa ulikuwa umechoka kumtumikia. Daktari alimwambia waziwazi: apunguze kuandika kwenye kompyuta, la sivyo hata kikombe cha chai kitamshinda kushika. Naye mwenyewe alikuwa amechoka kuliko huo mkono. Programu yake ya kuazimisha vitabu, aliyoitoa bure kwa yeyote anayeitaka, iliendesha maktaba nyingi ambazo hakuwahi kuzitia machoni, na zote zilimwona yeye ndiye mama mwenye nyumba: bomba likivuja, anaitwa. Jina la Bibi Sawa alipewa na wenzake wa kujitolea, waliojuana naye kwa maandishi tu, kwa sababu hakuna rekebisho lililoingia kwenye programu mpaka yeye aandike chini yake, "Sawa."

Basi akaunda baraza la watu watatu. Wawili wakikubaliana, rekebisho linaingia, yeye haulizwi. Alijibakizia ufunguo mmoja tu, wa dharura, wa kuingiza au kuondoa kazi bila baraza, akamwapia binti yake kwamba hataugusa.

Baraza gani hilo! Kila jambo liliishia na, "Tumsubiri Bibi." Alisonya. Alimlalamikia binti yake wakati wa kula, wakati wa kufua, hata binti akiwa bafuni. "Watu wazima na meno yao, wanataka niwatafunie! Nife ndipo waamue?" Binti, aliyemfunga bandeji ya mkono kila asubuhi, aliitikia tu. Wimbo huo alikuwa ameshauhifadhi.

Kisha ikazuka hitilafu. Vitabu vilivyorudishwa viliendelea kuonekana havijarudi, na wakutubi wakaanza kugombana na watu waaminifu. Bibi Sawa hakuingilia, makusudi, aone baraza litafanya nini. Mchana, mmoja wa baraza aliyejiita Kobe, mkutubi mwenye adabu za kupitiliza, akaandika: "Shikamoo Bibi. Kwa kuwa unapumzika, nimetengeneza. Mwenzangu amepitia, amekubali. Tunalitoa rekebisho jioni."

Bibi akafurahi, tena furaha ya kweli, akampigia binti kelele aje aone. Halafu akaisoma kazi yenyewe.

Haikuwa namna yake. Kobe alikuwa amezunguka mbali, mistari kibao, pale ambapo yeye angekata kwa mistari mitatu.

"Si angeniuliza tu?" akasema.

"Mama, acha," binti akamwambia, akatoka kwenda kuanika nguo.

Lakini mazoea yana taabu. Binti aliporudi na beseni tupu, alimkuta mama yake amefungua bandeji ili vidole vipate nafasi. Kazi ya Kobe ilikuwa imeshaondolewa kwa ufunguo wa dharura, na ya Bibi, fupi, safi, imeshatoka. Chini yake sifa zilikuwa zikimiminika. "Bibi ni Bibi!" aliandika mmoja. "Ng'ombe hazeeki maini!" akaandika mwingine. Bibi alikuwa akitabasamu peke yake.

Ujumbe wa Kobe ulichelewa. Haukuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Bibi. "Shikamoo Bibi. Yako ni nzuri zaidi, nimejifunza. Naomba kutoka barazani, nisije nikakusumbua tena." Yule mwenzake aliyempitishia akaandika chini yake, "Na mimi pia."

Bibi akataka kumjibu papo hapo. Vidole vikakataa. Maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko, akauweka mkono mapajani.

"Niandikie wewe, mwanangu."

Binti akavuta kiti, akaketi. "Niandike nini, Mama? Kwamba alikosea?"

"Hakukosea."

"Basi kazi yake ilikuwa mbovu?"

Bibi Sawa aliitazama ile skrini, sifa zikiwa bado zinaingia moja baada ya nyingine.

"Ilikuwa inafanya kazi," akasema, akaanza kulia.