Flashi Iliyofuta Sigida

Pale Maili Moja, Kibaha, Ashrafu alisifika kwa kung'arisha watu. Unaingia studio kwake na weusi wako wa kuzaliwa, unatoka kwenye picha umeshafika Ulaya bila pasipoti. Flashi aliipiga usoni kavukavu, kwa karibu, nguvu zote. Pua zilipotea, mashavu yakawa sahani, maharusi wakabaki macho na midomo, na bado wakamsifu: "Kaka, umenitoa!" Ashrafu alijua fika kwamba nyuso zile zimeungua kwa mwanga. Fundi aliyemfundisha kazi alimwonya mapema. Lakini nani agombane na mteja anayecheka?

Mkono huohuo ndio aliokwenda nao Msimbu, Kisarawe, kwa Mzee Mwinyimadi, baba yake Tatu. Posa ya Ashrafu kwa binti huyo ilifika pale kabla ya Ramadhani, na majibu yalikuwa bado yanapikwa. Badala ya majibu, mzee akamwita ampige picha ya bango la Maulidi, maana mwaka huu yeye ndiye mwenyekiti wa kamati.

"Nipige," alisema, "tuone kama kazi unaijua."

Ashrafu akaelewa kwamba kinachopimwa pale si picha.

Mzee alikaa sebuleni, kanzu imenyooka, kofia kaisukuma nyuma kidogo. Alikuwa na sababu. Pajini ndipo ilipokaa sigida yake, lile doa jeusi la kusujudu, nene kama kifungo cha koti. Msimbu nzima iliijua. Wapo waliosema mzee huisugua mkekani hata swala ikiisha, ila hao ni watu wa kijicho.

Sebule ilikuwa na giza. Ashrafu akasogea karibu, akaipa flashi nguvu za Kibaha. Pa! Pa! Mzee akafikicha macho.

"Lete nione."

Kwenye kioo cha kamera uso ulikuwa umetulia kama ugali uliopakuliwa sasa hivi: mweupe, laini, hauna mwenyewe. Paji safi kabisa.

"Iko wapi?"

"Nini, baba?"

"Usiniite baba bado. Sigida yangu iko wapi?"

"Mwanga, mzee... umezidi kidogo."

"Kidogo! Tangu ujana nainama, wewe unazifuta sala zangu kwa pa-pa! Watu wa Kibuta, hapo jirani, wakiliona bango si watasema mwenyekiti hasali?"

Tatu, aliyesimama mlangoni, aliziba mdomo kwa mtandio. "Ashrafu, baba yangu umemchovya kwenye sembe?"

Ashrafu akaiona posa yake inakunja mkeka. Haikubaki hila, ikabidi afanye alichofundishwa. Akazima flashi, akamtoa mzee barazani, kwenye kivuli, uso ukielekea uani kwenye mwanga. Kamera ikiachiwa yenyewe hupima ukuta na kanzu, kama mpishi anayeonja sufuria badala ya mchuzi; akailazimisha ipime uso. Akapunguza mwanga, akapiga moja, akakagua kioo kama kuna mahali pameungua, akapunguza tena. Akapiga.

Sigida hiyo! Nyeusi, imenona, inang'aa kwa uchamungu. Ila mwanga wa haki haupendelei mtu. Mikunjo yote ilihudhuria, na piko, ile rangi nyeusi aliyopaka ndevu, ilionekana wazi ilivyovuka mpaka na kuingia shavuni.

Mzee akaitazama weee.

"Sigida iache. Haya mengine, ile flashi yako haiwezi kuyapitia kidogo pembeni?"

"Haichagui, mzee. Ikifuta, inafuta vyote."

Akaitwa Bi Mwamvita, mama yake Tatu, aamue. Akatazama picha ya kwanza, akatazama ya pili.

"Huyu wa pili ndiye aliyenioa. Yule mweupe simjui. Akibisha hodi simfungulii."

"Na hii piko?"

"Piko nilikwambia asubuhi. Ukanijibu nini?"

Mzee akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. "Haya, bango liwe hilo." Kisha akamgeukia Ashrafu, sauti ya uenyekiti imemrudia. "Na kwenye ndoa yenu atafutwe mpiga picha mwingine. Mimi mwanangu simtoi akafutwe uso."

"Ndoa yetu?" Ashrafu akauliza, kamera inaning'inia shingoni. Bi Mwamvita hakusubiri jibu. Alipiga kigelegele hapohapo, kirefu, majirani wakatoka milangoni, kabla mwenyekiti hajapata nafasi ya kubadili kauli.