Ndoo ya Juu ya Mlango

Binti wa marehemu seremala alikuwa ameshapanga mambo yake. Mlango wa mbele wa mama yake umeoza, upepo unaingia, mama anakohoa wiki ya tatu sasa, na mlango mpya alioununua dukani umepungua shibiri nzima. Basi, kizingiti cha juu kishushwe, yaishe! Fundi mwashi akapanda ngazi na nyundo yake.

"Msiiguse ndoo yangu!" mama akafoka kutoka jikoni.

Fundi akaduwaa. "Ndoo ipi, mama?"

"Hiyo iliyo mbele ya pua yako."

"Hii? Mama, hii ni boriti, inabeba ukuta juu ya mlango. Sisi mafundi tunaiita lenta."

"Ita utakavyo. Humu ndani ni ndoo."

Na kweli, baba mtu aliiita hivyo tangu zamani. "Futa vumbi kwenye ndoo," alikuwa akisema, na binti anafuta. Mzee alikuwa na mizaha yake. Nani angehangaika kumuuliza?

"Mama, usinitie wazimu," binti akasema. "Ugue kwa ajili ya kipande cha mti?"

Mama akatoka jikoni. Akajikongoja na ndoo ya maji, nusu tu, akaitua mbele ya bintiye.

"Jitwike, utoke nje, kisha uingie."

"Mama!"

"Jitwike, nimesema! Au hiyo shingo ni ya kuvalia mikufu tu?"

Akajitwika huku ananung'unika. Kimo chake na cha mama yake ni kimoja. Alipofika mlangoni akaanza kukunja magoti.

"Usiiname!"

Hakuinama. Ndoo ikapita chini ya boriti, nafasi ya vidole vinne ikabaki.

"Nyumba tuliyopanga mwanzo," mama akasema, "kila nikiingia najikunja, maji yananimwagikia tumboni. Na wewe ulikuwa humo tumboni. Baba yako kimya. Alipojenga hapa akanisimamisha na ndoo kichwani, akapima, akaongeza vidole vinne. Eti siku nikipiga kilemba. Mume wangu yule! Hakuwahi kunitamkia kwamba ananipenda, hata siku moja."

Binti alibaki amesimama pale na ndoo yake kichwani. Alimkumbuka baba yake.

"Fundi," akasema, "shuka. Mlango ndio utakaoongezwa."

"Sawa, dada." Lakini kabla ya kushuka, fundi akavuta mkono wa shati lake, akaifuta ndoo vumbi.