Msifyeke Korongo

Nyinyi wa upande wa pili wa kilima, wekeni panga chini kwanza mnisikilize.

Hapa kwetu, mlimani juu ya mji wa Bahati, alikuja Natalie, msichana wa mjini, wa mtaa wa Section 58, anayesomea mambo ya chui. Alitandaza ramani kwenye benchi la kanisa. Kompyuta ilikuwa imepiga hesabu ya mvua na joto la miaka ijayo, ikaona msitu wa juu utakauka na chui watateremkia korongo letu. Korongo likapakwa nyekundu. Tena hesabu hiyo haifichi kitu, inakuambia sababu: hapa kuna maji, hapa kuna kichaka cha kujificha. Akatuomba kichaka tukiache, chui apite huko chini bila kuonana na mtu.

Lakini sisi ni watu wa kufukuzwa mashambani. Hapa mtu akiona shamba lake limepakwa rangi kwenye ramani, anaanza kufunga godoro. Mume wangu Jamleck akasimama.

"Kama sababu ni kichaka, tutamaliza kichaka. Tuone watatupaka rangi gani."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Korongo likabaki kama kichwa kilichonyolewa.

Kiangazi kikaja, na chui akaja, maana maji bado yapo. Mbwa wetu tulimkuta nusu. Wangare wangu, huyu mdogo, akaniuliza ni nani amekanyaga matope kando ya mtungi wake.

Nikampigia Natalie. Akarudi, akaingiza kwenye kompyuta korongo jinsi lilivyo sasa. Ile nyekundu ikatoka. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, lakini yeye hakufurahi.

"Mama Wangare, maji bado anayataka. Na kichaka kilichobaki karibu na maji ni kimoja tu."

Akaweka kidole. Ulikuwa ua wa kayaba, ile miti ya miiba iliyozunguka shule.

Jamleck anataka kuukata na huo. Nimemwambia hapo chui atabaki na mahindi tu ya kujificha, na mahindi yetu yamefika mlangoni. Hanisikii. Mwalimu mkuu naye anasema shule haifungwi kwa sababu ya rangi.

Basi nampeleka Wangare nikigonga sufuria, nikitembea kati yake na ule ua. Akiingia darasani nabaki pale langoni, kazi ya shamba imelala.

Leo nimepitia korongoni. Machipukizi yamefika magotini mwa Wangare. Hayawezi kuficha hata paka.